Jeep ya waya na jeep ya plastiki: neno juu ya kuiga magari ya vita

Utangulizi

Katika maonyesho madogo ya kazi za mikono ambayo chama chetu kilifanya hapa Bukavu, kulikuwa meza moja iliyokusanya watu kuliko zingine zote. Si ile ya vikapu, wala ile ya ngoma na mikuki, ijapokuwa ndizo tulizoziweka karibu na mlango. Ilikuwa meza ya nyuma, fasi penye jeep mbili. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ndogo, yenye kuweza kukaa katika kiganja cha mkono. Mwenzetu mmoja aliileta kutoka Ulaya ndani ya sanduku, ikiwa vipande vipande, akaiunganisha nyumbani kwake kwa muda wa miezi miwili. Ya pili ilikuwa ya waya na mabati, kubwa kuliko paka, kazi ya mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu wa sekondari. Mbele ya jeep zote mbili kulikuwa karatasi moja: « Jeep za vita. Saio, 1941. » Karatasi hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Tutarudi kwayo, maana yenyewe ndiyo ilikuwa na kosa kubwa kuliko yote yaliyokuwa juu ya meza ile.

Siku hiyo niliulizwa maswali mawili. La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja wa chama: « Mwalimu, hii iko na kazi gani na mila? Ba koko betu balitengenezaka jeep? » Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. La pili lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni. Yeye hakucheka. Alisema: « Batoto bameona vita ya kutosha. Sasa munabapatia ingine ya kuchezea? » Hapo nilikosa jibu.

Ndugu wasomaji, kurasa hizi ni jibu langu kwa wote wawili. Lakini kabla ya kujibu inafaa kuzitazama jeep zenyewe, moja moja, kama vile tunavyotazama kinyago ao kitambaa kilichofumwa: imetengenezwa namna gani, imefaulu wapi, imekosa wapi. Kwetu tuna tabia ya kusifu kazi za vijana kwa neno moja, « mizuri sana », kisha tunapita. Sifa ya namna hiyo haimsaidii fundi hata kidogo.

1. Jeep yenyewe

Huwezi kuhukumu mfano bila kujua kitu kinachofananishwa. Kwetu neno jeep limekuwa jina la kila gari refu lenye kupita katika matope, hata lile la mheshimiwa lenye vioo vyeusi. Lakini jeep ya asili ni gari moja linalojulikana, na lina tarehe zake.

Katika 1940 jeshi la Marekani lilitafuta gari dogo, jepesi, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kampuni ndogo iliyoitwa Bantam, ya mji wa Butler katika Pennsylvania, ndiyo ilileta gari la kwanza la kujaribu, mwezi wa Septemba wa mwaka huo. Lakini kazi kubwa walipewa wengine: Willys, ambao waliita gari lao MB, na Ford, ambao la kwao waliliita GPW. Mpaka mwisho wa vita katika 1945, viwanda hivyo viwili vilikuwa vimetoa zaidi ya jeep 640.000.

Gari hilo lina urefu wa karibu metre 3,36 na upana wa metre 1,57. Moteri yake ina silinda nne na nguvu ya farasi 60. Halina milango. Kioo cha mbele kinalala juu ya boneti. Taa za mbele zinaweza kugeuzwa nyuma ili zimulikie moteri, na hivyo mtu aliyeharibikiwa usiku anaweza kutengeneza bila kushika tochi. Upande wa kushoto kuna sepeti na shoka zilizofungwa kwa mikanda. Nyuma kuna gurudumu la akiba na kidumu cha mafuta. Na tanki ya mafuta iko chini ya kiti cha dereva. Naomba msomaji alishike jambo hilo la tanki, maana nitalihitaji mbele.

2. Jeep ya plastiki

Jeep ya mwenzetu ni ya kipimo cha 1/35. Yaani kila santimetre moja ya mfano ni santimetre 35 za gari la kweli. Urefu wake wote ni santimetre 9,6, na gurudumu, ambalo katika gari la kweli lina kama santimetre 71 za kimo, hapa lina santimetre mbili tu. Wanaofanya kazi hii duniani ni wengi, na kipimo hiki cha 1/35 wamekizoea kwa sababu ya Wajapani wa Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka. Katika 1962 walitoa kifaru cha Kijerumani chenye moteri ndogo ndani. Walichagua ukubwa ambao ungeruhusu betri ziingie. Walipokuja kupima, ukubwa huo ulikuwa karibu 1/35, na wengine wakafuata. Kumbe hata kipimo kinachoonekana cha kisayansi kilizaliwa kutokana na betri! Nawaambia wanafunzi wangu kisa hiki kila mara wanapofikiri kama hesabu zilishuka kutoka mbinguni.

Vipande vinakuja vimeshikamana na fremu ya plastiki. Vinakatwa na jileti, vinasuguliwa mpaka alama ya kukata inapotea, kisha vinashikishwa kwa gundi inayoyeyusha kidogo plastiki yenyewe. Gundi ikizidi, uso wa kipande unaharibika. Baadaye inakuja rangi. Kwanza rangi ya majani iliyokomaa, ile ya jeshi la Marekani. Kisha rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, inayoingia katika mifereji na pembe na kufanya kivuli. Mwishoni brashi karibu kavu, yenye rangi nyeupe kidogo, inapitishwa juu ya kingo ili zionekane zimechakaa. Kazi hiyo ya kuchakaza ndiyo inayotofautisha fundi na mnunuzi wa sanduku.

Sasa, mwenzetu amefaulu? Katika kuunganisha, ndiyo. Sikuona hata alama moja ya gundi. Matundu ya mbele ya ubao wa taa ni tisa, kama inavyopaswa kwa jeep ya vita iliyopigwa kwa mashini (zile za kiraia zilizotoka tangu 1945 ndizo zina saba). Mikanda ya sepeti aliitengeneza kwa karatasi ya sigara iliyokatwa nyembamba kama uzi. Nampongeza kwa moyo wote.

Lakini katika kuchakaza amekosa, na nitasema namna gani. Kwanza, tope. Amelimwaga kila fasi sawasawa, kama vile supu iliyomwagikia meza. Tope la kweli lina njia yake: linarushwa na gurudumu, linapanda nyuma ya gurudumu kuliko mbele yake, linajaa chini ya chasi, linafika kwenye sakafu pale tu penye miguu. Pili, kutu. Gari lake limeoza kama kopo la jalalani, nalo ni gari la vita lililokaa kazini mwaka mmoja ao miwili na kuoshwa na askari waliogopa adhabu. Rangi inabanduka pale mkono unaposhika na kiatu kinapokanyaga, si katikati ya boneti. Tatu, mipira ya magurudumu ni duara kamili. Gari la kilo zaidi ya elfu moja linakandamiza mpira wake chini, na mafundi wenye jicho wanausugua kidogo ili ukae bapa juu ya ardhi. La kwake linaonekana kama linaelea.

Yote haya yana mzizi mmoja. Mwenzetu aliiga picha ya mfano mwingine iliyokuwa juu ya sanduku. Gari hakuliiga. Na jambo hilo linaonekana zaidi kwa dereva wake: kijana mweupe wa mashavu mekundu, mwenye sigara mdomoni, jinsi alivyotoka sandukuni. Nilimuuliza juu ya nini hakumpaka rangi ingine. Akajibu: « Kwenye karatasi ya maelezo bameandika rangi ya ngozi ni hii. »

3. Jeep ya waya

Hapa fundi hakuwa na karatasi ya maelezo. Alikuwa na pinsi moja, waya ya fundi umeme, mbavu za mwavuli uliovunjika, kambambili za zamani, mipira ya kinga iliyokatwa kuwa kamba, na mukebe wa mafuta ya msaada. Chasi ni waya mbili nene zilizokunjwa bila moto. Kila kiungo kimefungwa kwa kamba ya mpira, na juu yake kwa waya nyembamba ya shaba aliyoifungua kutoka moteri iliyoungua. Springi ni mbavu za mwavuli, na zinafanya kazi: ukisukuma gari juu ya jiwe, gurudumu linapanda na mwili unabaki umetulia. Usukani una fimbo ndefu inayofika kifuani mwa mtoto, kama tulivyofanya sisi wote utotoni, na magurudumu mawili ya mbele yanageuka pamoja kwa sababu ameyaunganisha kwa waya moja ya kupitana. Jeep ya plastiki haina jambo hata moja la namna hiyo. Usukani wake umegandishwa na gundi.

Nilichukua rula. Urefu: santimetre 42. Ukigawa 336 kwa 42 unapata 8. Basi ni mfano wa 1/8, ijapokuwa mwenyewe hakujua kama ametengeneza kipimo. Magurudumu yana santimetre 9, na hesabu inadai 8,9! Alikata kambambili kwa kufuata kifuniko cha mukebe, na kifuniko kilimpa haki. Lakini upana ni santimetre 24, nao ungepaswa kuwa karibu 20. Jeep yake ni nene kupita kiasi, inaonekana imevimba.

Nilimwita, nikamwonyesha hesabu. Akatazama, kisha akasema: « Mwalimu, ile nilipimaka na macho. Kila siku inapitaka hivi. » Nikauliza: inapita na nini? Akafikiri kidogo. « Na basoda. Banakaaka pembeni, miguu inje. » Hapo nikafahamu. Hakuna jeep ya 1941 inayopita katika mtaa wake. Kinachopita ni gari lenye karosri wazi nyuma, limebeba askari kila upande, miguu yao ikining'inia nje. Yeye alipima gari pamoja na miguu. Zile santimetre nne za ziada ni watu.

Kama mwalimu wa hesabu, hapo namwondolea alama. Kama mtu anayetazama kazi, siwezi kusema kama ni kosa tu. Lakini ni lazima niwe mkweli upande wa pili pia, maana huruma si uhakiki. Matundu ya mbele ameweka saba, ya gari la kiraia. Juu ya boneti amefunga bunduki ya mashini kubwa kuliko dereva angeweza kuona mbele. Jeep hiyo ingegonga mti wa kwanza. Bati la mukebe amelikata vizuri, lakini kingo hakuzikunja, na mtoto mwingine alijikata kidole siku ya maonyesho. Fundi anayeacha kingo wazi hajamaliza kazi. Jambo hilo nilimwambia mbele ya wenzake, naye alilikubali.

Ndani ya bati, upande ambao rangi haikufika, herufi za msaada zingali zinasomeka. Wageni wengi waliona kama ni uchafu. Mimi nilimwomba asizifute. Zinasema gari hili lilitengenezwa wapi na katika siku gani, kuliko karatasi yoyote tungeweza kuandika.

4. Kosa la karatasi

Sasa turudi kwenye karatasi yangu. Juu ya boneti, kijana alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: SAIO. Mimi, nilipoona neno hilo, nikafurahi. Nikakumbuka somo la historia, nikaandika « Saio, 1941 » mbele ya jeep zote mbili, na nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Mji wetu wote unajua kambi Saïo. Lakini wangapi wanajua jina lilitoka wapi? Saio ni fasi ya milima katika magharibi ya Ethiopia, leo inaitwa Dembidolo. Ubelgiji ulipoangushwa na Wajerumani mwezi wa Mei 1940, Kongo ilibaki upande wa Waingereza, na mwaka uliofuata askari wa Force Publique walitumwa kupigana na Waitalia. Walipita njia ya Aba na Juba. Wakachukua Asosa mwezi wa Machi 1941, kisha Gambela mwezi huo huo, na tarehe 3 Julai 1941 jenerali wa Kiitalia Pietro Gazzera alijisalimisha huko Saio mbele ya jenerali Gilliaert, yeye na maelfu ya askari wake.

Basi hesabu tarehe, ndugu msomaji. Willys MB ilianza kutoka kiwandani kwa wingi mwishoni mwa 1941. Saio ilikuwa imekwisha miezi kadhaa mbele. Jeep hii niliyoiandikia « Saio, 1941 » haikuweza kuwa Saio. Nilidanganya watu wote waliopita pale, wazee na batoto, kwa karatasi safi na mwandiko mzuri. Jeep zenyewe hazikudanganya. Ya plastiki haikuwa na jina lolote la vita. Ya waya ilikuwa na jina la kambi iliyo karibu na nyumba yao: nilipomuuliza kijana, alishangaa kusikia kama Saio ni mji.

Juu ya nini kosa hilo ni zito? Kwa sababu linaficha jambo lililotokea kweli. Yule aliyenifundisha juu ya vita ile hakuwa kitabu. Alikuwa mzee mmoja, rafiki ya baba yangu, aliyekwenda huko kijana na kurudi na mguu mbovu. Tulimwita Koko, ijapokuwa hatukuwa wa damu yake. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza walipanda gari gani kufika kwa Waitalia. Akacheka sana. Alisema magari yalikuwako mpaka pale mvua ilipoanza, kisha gari likawa kitu cha kusukumwa, na mwishoni mizigo ilikaa juu ya kichwa cha mtu. Njaa na magonjwa viliua watu pamoja na risasi. Huo ndio ukweli wa Saio: barabara iliyokuwa tope, chakula kisichofika, na watu wenye kubeba. Mimi nikaweka jeep mbili pale penye vichwa vya wabebaji.

Askari hao hawakwenda Saio tu. Wengine walitumwa Nigeria, Misri na Palestina. Kundi la waganga la Kikongo lilifika mpaka Birmania pamoja na Waingereza. Mwezi wa Juni 2022, huko Kinshasa, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati yao. Miaka zaidi ya 75 ilipita mbele ya siku hiyo. Na katika masanduku ya mifano ambayo mwenzetu alinionyesha, kuna askari wa Marekani, wa Uingereza, wa Ujerumani, hata mbwa wao. Wa Force Publique sikumwona hata mmoja. Ndiyo maana rangi ya ngozi ya karatasi ya maelezo ilikuwa ni « hii ».

5. Swali la mzee na swali la mama

Kwa mzee naweza kujibu sasa bila shida. Ba koko hawakutengeneza jeep, ni kweli. Lakini walikuwa na tabia ya kutengeneza kwa mikono kile ambacho macho yaliona na moyo haukuweza kusahau, kwa kutumia kilichopatikana karibu. Waya na mukebe ndiyo miti na udongo wa mitaa yetu. Na tusisahau kama Kongo ina jina duniani katika kazi hii ya mifano: Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2015, alitengeneza miji mizima kwa karatasi ngumu na takataka nzuri. Kazi yake ilionyeshwa Paris katika 1989, na katika 2018 jumba kubwa la sanaa la New York, MoMA, lilimfanyia maonyesho yake peke yake. Kingelez alitengeneza miji ambayo alitamani iwepo. Kijana wangu ametengeneza kitu ambacho huenda angetamani kisiwepo. Mikono ni ile ile.

Swali la mama ni gumu zaidi, na sitaki kulijibu haraka haraka kama mtu anayetaka kushinda mabishano. Mji wetu uliona magari ya vita yakiingia mwaka 1996, tena 2004, tena 2025. Mwaka 1996 mimi nilikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa sasa. Wawili kati ya wenzangu wa darasa walipanda nyuma ya gari la askari, wakawa kadogo. Mmoja tu alirudi. Watu wanasema walivutwa na hotuba. Mimi nilikuwa pale: walivutwa na gari. Lilikuwa linapita, lina nguvu, na waliokuwa juu yake hawakutembea kwa miguu kama sisi. Basi yule mama hakusema upuuzi.

Kwa sababu hiyo, nilipoanza ualimu, nilikuwa mkali sana. Mvulana mmoja alileta darasani kifaru cha waya, kazi ya ajabu, chenye mnyororo wa vifuniko vya chupa. Nilikichukua, nikakifungia ndani ya kabati. Mwisho wa mwaka nilikikuta kimebondwa chini ya mafungu ya madaftari. Mvulana hakunidai. Hakuleta tena kitu chochote shuleni, hata kazi ya nyumbani aliileta kwa shida. Nilifikiri nimemtenga na vita. Kumbe nilimtenga na mimi, na vita vilibaki vile vile inje ya mlango.

Leo ninaona tofauti ambayo siku zile sikuiona. Wale wenzangu wawili waliliona gari likipita tu. Hawakujua ndani yake kuna nini. Anayelitengeneza analazimika kuuliza: dereva anakaa wapi, mafuta yanakaa wapi, risasi ikiingia inapita wapi? Nilipomwambia kijana wa waya kama tanki ya jeep iko chini ya kiti cha dereva, alinyamaza, akaweka kidole juu ya kiti cha bati. Kisha akasema: « Sasa ikiwaka? » Nikamjibu: ndiyo, mwanangu, ikiwaka. Akageuza gari lake na kulitazama upya. Undani wa kazi ulimfundisha jambo ambalo mahubiri yangu ya miaka mingi hayakufundisha.

Sisemi kama kila mtoto anayekunja waya atakataa bunduki. Ningesema uongo, na kijana huyu mwenyewe alipenda ile bunduki yake ya boneti kuliko sehemu zingine zote. Nilimuuliza kwa nini ameifanya kubwa hivyo. « Mwenye iko na hii hasikiaka boga, Mwalimu. » Woga ndio ulipima ile bunduki. Kuichomoa kwa nguvu kusingeondoa woga. Lakini kuisifu tu, kama tulivyofanya siku ya maonyesho, ni kumwacha peke yake nao.

Basi nilimwekea kazi ya nyumbani. Nilimsimulia habari za Koko, mvua na mizigo ya kichwani, nikamwambia: Saio ya kweli ilikuwa hivyo, tengeneza na hao. Alikaa kimya, akahesabu kwa vidole. « Mwalimu, bale ba kutembea na miguu ni bengi. Waya haitatosha. » Baada ya wiki mbili aliniletea mtu mmoja wa waya, mwenye mzigo juu ya kichwa, urefu wa santimetre 21. Nikazidisha kwa 8: metre 1,68. Mara hii alikuwa amepima. Alijipima mwenyewe ukutani.

Hitimisho

Kwa kumaliza, ninapendekeza mambo matatu kwa wanachama na kwa walimu wenzangu.

La kwanza, tukionyesha mfano wowote, tuuhukumu kwa maswali matatu: vipimo vyake ni sawa? Kazi ya kitu chenyewe inaonekana? Na watu wako wapi? Jeep ya plastiki ilifaulu vizuri katika swali la kwanza, ikayumba katika la pili, ikaanguka katika la tatu. Jeep ya waya ilianguka nusu katika la kwanza, ikafaulu sana katika la pili, na katika la tatu ilisema zaidi ya alivyojua fundi wake.

La pili, karatasi za maelezo zisomwe na watu wawili kabla ya kuwekwa mezani, na mmoja wao asiwe mimi.

La tatu, tuandae meza ya Saio kweli kweli. Isiwe na jeep. Iwe na barabara ya tope, gari moja la mizigo lililokwama, na wabebaji kwa kipimo cha 1/8, wengi kadiri tutakavyopata waya. Walimu wa hesabu watapata somo la uwiano, wa historia watapata tarehe zao, na watoto watajua jina la kambi yao lilitoka wapi. Mwenzetu wa plastiki amekubali kufundisha namna ya kuweka tope, baada ya kutazama upya magurudumu ya magari mbele ya nyumba yake. Naye yule mama nimemwomba aje kuona. Hakusema ndiyo. Aliuliza kama kati ya wabebaji kutakuwa na wanawake. Nimeandika swali lake hapa ili tusilisahau siku ya kukata waya.